Nguo Ipitishayo Sauti

Leo nataka kuwaeleza habari za kitu ambacho watu wengi hudhani ni pambo tu, nacho si pambo. Ni nguo ile itandwayo mbele ya spika ya redio au sabufa, na nguo ifunikayo vibao vya kutuliza mwangwi ukutani.

Fikirini mzee wa Rubwera, katika Wilaya ya Kyerwa iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ameketi barazani asikilize bei ya kahawa. Mtangazaji asema "tisini", naye mzee asikia "sitini". Maneno haya mawili yana herufi zilezile, ila s na t zimebadilishana mahali. Aliyeikosa s moja amekosa thelathini nzima. Basi kosa ni la nani? Si la mtangazaji, wala si la masikio ya mzee. Ni la kitenge kizito kilichofunikwa juu ya spika ili vumbi lisiingie.

Ili tufahamu sababu yake, yafaa tujue kwanza sauti ni nini. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ndani ya spika mna koni, mara nyingi ya karatasi, iendayo mbele na kurudi nyuma upesi sana, nayo huisukuma hewa mpaka masikioni mwetu. Sauti nene, kama ya ngoma kubwa, hutikisika mara 100 hivi kwa sekunde moja, na wimbi lake lina urefu wa mita 3 na zaidi. Sauti nyembamba hutikisika mara 10,000, na wimbi lake halipiti sentimeta 4. Sauti nene huipenya nguo kwa urahisi, lakini ile nyembamba hudhoofika katika nyuzi. Na herufi za s, sh na f ni za sauti nyembamba. Kwa hiyo mwenye kufunika spika kwa nguo nzito husikia ngoma vizuri sana, akadhani chombo chake ni kizima, kumbe maneno yamebaki ndani ya nguo.

Basi nguo njema tutaijuaje? Ziko njia tatu, wala hazihitaji fedha. Ya kwanza, iweke nguo mdomoni, upulize, huku mkono wako umeuweka upande wa pili. Pumzi ikifika mkononi bila shida, sauti nayo itapita. Ya pili, inyoshe kuelekea nuru ya mchana. Yafaa uone vitundu vidogo vingi baina ya nyuzi. Ya tatu ndiyo hakimu mkuu: acha redio iseme, uifunike, kisha uifunue, mara kadhaa. Kama sauti yabadilika kila unapofunika, nguo hiyo haifai.

Sasa tuzitazame nguo tulizo nazo. Kitenge kimefumwa kwa kubanana, hasa kile chenye nta, nacho huzuia pumzi. Kanga ni nyepesi zaidi, lakini zimo zilizobanana pia. Zipulizeni kabla ya kukata. Turubai na nailoni isiyopitisha hewa hazifai kabisa. Gunia la kahawa, lile la nyuzi za juti, lina matundu wazi, na bei yake ni ndogo. Ila likung'utwe na kufuliwa, maana vumbi lake ni jingi. Lubugo, nguo ya magome ya mti wa jamii ya mkuyu, ilivaliwa zamani katika Buganda na Buhaya, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wake wa Buganda kuwa urithi wa wanadamu. Nguo hiyo haikufumwa, bali imepondwa, na unene wake hutofautiana. Ile nzito yafaa zaidi kwa kupamba ukuta kuliko kwa spika. Ama chandarua, hupitisha sauti vizuri, lakini kazi yake ni kumlinda alalaye na malaria. Msikikate.

Ukiisha kuchagua, ivute nguo juu ya fremu ya mbao, uipigilie misumari midogo, isilegee wala isiiguse koni. Nguo iliyolegea hupigapiga kila sabufa inaponguruma.

Tena kuna jambo la ukumbi. Nyumba za msonge za wazee wetu zilikuwa na nyasi juu, na nyasi zilitandikwa chini pia. Sauti ililala humo kwa upole. Leo twajenga kwa matofali, saruji na bati. Sauti hugonga ukuta, hurudi, hugonga tena, na mwanafunzi wa nyuma husikia neno moja mara tatu, asijue ni lipi la kweli. Dawa yake ni vibao: fremu ya mbao yenye kina cha sentimeta 5 au zaidi, ndani yake sufi ya mawe au mablanketi mazito, na nafasi kidogo kati ya kibao na ukuta. Nguo ya juu nayo sharti ipitishe pumzi. Ukifunika kwa nailoni nzito, sauti nyembamba zitarudi kama kwamba hakuna kibao. Lakini fahamuni kuwa kibao hutuliza mwangwi tu. Hakizuii kelele ya mvua juu ya bati.

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Tarehe 20 Februari 2003, katika mji wa West Warwick, Marekani, cheche za fataki ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani mwa ukumbi wa muziki ili kuzuia sauti. Moto ulienea kwa dakika chache, na watu 100 wakafa. Na tarehe 27 Januari 2013, katika mji wa Santa Maria, Brazili, sponji ya namna hiyo ikawaka, na moshi wake wa sumu ukaua watu zaidi ya 240, wengi wao vijana. Kwa hiyo, ninyi wenye mabanda ya video na mpira, msibandike sponji ya magodoro ukutani. Gunia nalo hushika moto upesi. Liwe mbali na taa, jiko na nyaya zilizochubuka. Na milango iwe miwili, isifungwe kwa kufuli watu wakiwamo.

Basi, kabla ya kuuliza kama nguo ni nzuri, pulizeni kwanza, sikilizeni pili, na mfikiri habari ya moto. Rangi itafuata nyuma. Kwaherini.