Pumzi Kabla ya Kisu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kapkatet)



Sisi wa reli twainua mataruma. Ninyi mwashuka milima ya chai na mizigo mgongoni. Mfupa wa paja ukivunjika, twapelekwa kupasuliwa. Wengi huogopa kisu peke yake, lakini adui mwingine ni kichomi.

Sababu ni hii. Mgonjwa aliyelala chali kwa maumivu huvuta pumzi fupi. Makohozi hukaa chini ya mapafu, na ugonjwa huingia.

Basi siku za kungojea zisipotee bure. Msuli mkubwa wa pumzi uko chini ya mbavu, nao hupata nguvu kwa mazoezi, kama mkono. Weka kiganja tumboni. Vuta pumzi polepole kwa pua mpaka tumbo liinuke. Izuie ukihesabu tatu. Itoe kwa midomo iliyobanwa, kama apulizaye moto. Fanya mara kumi, upumzike. Kizunguzungu kikija, acha. Ukishapasuliwa, endelea, na ukohoe.

Mwaka 2006 madaktari wa Uholanzi walieleza habari za wagonjwa wa kupasuliwa moyo. Waliozoeza pumzi kwa kifaa kwanza, kichomi kiliwashika kama 7 katika 100, wasiozoeza, 16. Mfupa si moyo, lakini mapafu ni yale yale.

Mwenye pumu au moyo amwulize daktari kwanza. Tena, sheria ya majeraha ya kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alipe matibabu. Ukiumia kazini, mwarifu upesi.