Hewa Ndani ya Maji: Maneno ya Fundi wa Magari ya Chama

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Nsemulwa, Mpanda, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamesema habari za tumbaku, mpunga na mahindi, na habari za hesabu zetu. Mimi ni mtu wa spana na grisi, wala sina hesabu ya kusoma. Nimeombwa niseme juu ya magari ya Chama, nami nimechagua jambo moja dogo lililotugharimu kuliko mengi makubwa, nalo ni hewa inayobaki katika njia za maji za injini baada ya matengenezo.

Pengine mkulima atauliza, yamhusu nini? Yamhusu sana. Kila gari la Chama linalolala gereji hulala kwa fedha zake, kwa kuwa fedha ya vipuri hutoka katika ushuru unaokatwa kwa kila kilo ya mazao yake. Na gari likilala wakati wa mbegu, mvua hailingoji.

Injini ichomapo mafuta hutoa joto jingi mno, na chuma peke yake hakiwezi kulistahimili. Kwa hiyo maji huzungushwa na pampu kuipitia injini, huchukua joto lile, huenda kwenye rejeta yakapozwa na upepo, kisha hurudi tena. Hewa haiwezi kufanya kazi hiyo. Haichukui joto kama maji, na tena pampu inayozunguka ndani ya hewa haisukumi kitu. Mahali hewa ilipokaa, chuma huwaka, na maji ya karibu hugeuka mvuke, na mvuke ule huongeza nafasi isiyo na maji. Hatimaye silinda hedi hupinda au kupasuka.

Sisi wa Mpanda tunalo jambo jingine la kukumbuka. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuriani huchemka kabla ya kufika digrii 97, si 100 kama kule pwani. Kifuniko cha rejeta kilicho kizima hubana maji, yakaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Kifuniko kilichochoka, pamoja na hewa iliyobaki, ni maadui wawili waliofanya urafiki.

Magari haya ya zamani ya abiria na mizigo midogo, kama Toyota HiAce tunazozijua sote, yana tabia yake. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, na njia za maji hupanda na kushuka. Mengi yaliyokuja kutoka Japani yana hita mbele na nyingine nyuma, na mabomba yake hupita chini ya gari. Volkswagen za miaka ya 1980 zenye injini ya maji ni ngumu zaidi, maana injini i nyuma na rejeta i mbele kabisa. Hewa hupenda kukaa juu. Basi kila kilima katika bomba ni nyumba yake.

Sasa, Mabwana, nitasimulia kosa langu.

Katika mwaka wa tatu wa Chama nilibadili pampu ya maji ya gari letu moja. Nilijaza maji kwenye rejeta hata yakafika mdomoni, nikafunga kifuniko, nikasema kazi imekwisha. Ilikuwa jioni, na kesho yake gari lilitakiwa kupeleka mbegu. Dereva aliondoka alfajiri kuelekea Sitalike. Kabla ya kufika, injini ilikatika nguvu, mvuke ukatoka, na silinda hedi ikawa imepasuka.

Dereva alipoulizwa alisema kwamba mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Hakuna aliyemsadiki. Ilisemwa kwamba hakuutazama, naye akakatwa mshahara, kisha akaachishwa kazi.

Nami nilipofungua injini nilijua kwamba alisema kweli. Kipimajoto kimetengenezwa kioge ndani ya maji. Kikikaa ndani ya mfuko wa hewa hakipimi joto la maji, na mshale unaweza kulala chini huku chuma kikiungua. Yule dereva aliutazama mshale, na mshale ukamdanganya. Na aliyeufanya udanganye ni mimi. Nilijua hayo, nikanyamaza. Ilinichukua miaka miwili kwenda mbele ya Kamati na kuyasema. Kamati ilimrudishia fedha zake, nami naishukuru. Lakini kazi yake ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, na leo anaendesha gari la watu wengine. Nimemwomba radhi nyumbani kwake; na leo nayasema mbele yenu, kwa sababu alihukumiwa mbele yenu.

Basi sikilizeni jinsi kazi hii inavyopasa kufanywa, ili kila katibu na kila dereva aweze kumwuliza fundi wake.

Kwanza, injini iwe baridi. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi kamwe. Maji yake huruka na kubabua uso wa mtu.

Pili, gari liegeshwe likielekea mlimani, breki imefungwa na mawe yamewekwa kwenye magurudumu, ili mdomo wa kujazia uwe juu kuliko njia nyingine zote. Pasipo na mlima, mbele painuliwe kwa jeki na kushikiliwa na stendi imara.

Tatu, hita ifunguliwe mpaka mwisho upande wa joto, na kama ipo ya nyuma, hiyo pia. Hita iliyofungwa huficha hewa.

Nne, kama gari lina skrubu ya kutolea hewa, ilegezwe. Kama halina, ulegezwe mpira wa hita ulio juu kabisa. Maji yamiminwe polepole, na mipira iminywe kwa mkono, hata maji yatoke hapo juu bila mapovu. Ndipo pakazwe.

Tano, injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi, iachwe ingurume taratibu. Themostati hufunguka joto linapofika, kwa magari mengi, kati ya digrii 80 na 90. Hapo mtaona maji yanashuka ghafula na mapovu yanapanda. Ongezeni maji, kanyageni mafuta kidogo, achilieni, ongezeni tena. Mapovu yakikoma, fungeni kifuniko na kujaza tangi la akiba hadi alama yake.

Sita, shikeni kwa uangalifu mipira ya juu na ya chini ya rejeta, na mkono mwingine uwekwe mbele ya hita. Vyote vikiwa na joto, maji yanazunguka. Hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, hewa ingaliko.

Saba, gari liendeshwe karibu, lilale, na asubuhi maji yatazamwe kabla ya kuwasha. Yakipungua kidogo siku ya kwanza si ajabu. Lakini mapovu yakiendelea siku baada ya siku, msiendelee kutoa hewa. Chunguzeni gasketi ya silinda hedi, maana huenda moto wa injini unaingia kwenye maji.

Kipo kipimo kimoja kilicho bora kuliko macho. Pimeni maji mnayotia. Kama kitabu cha gari chasema lita 9, na injini tupu imepokea 7 tu, basi mjue kwamba lita 2 za hewa zimo ndani. Siku ile mimi sikupima.

Neno juu ya themostati. Mafundi wengi huiondoa na kuitupa wakidhani kwamba wanaisaidia injini. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Iachwe mahali pake, na kile kitundu chake kidogo kielekee juu, maana kimewekwa ili hewa ipite. Na maji ya kisima chenye chumvi yasitumike, kwa kuwa huacha magamba ndani ya njia. Tumieni maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta.

Bwana Mwenyekiti, ninayo maombi mawili kwa Kamati. La kwanza, gari lililofunguliwa njia za maji lisipewe safari ndefu kabla ya kulala usiku mmoja na kutazamwa asubuhi, hata kama mbegu zinangoja. La pili, kila gari liwe na daftari, na fundi aandike kiasi cha maji alichotia na kuweka sahihi yake. Hapo injini ikiharibika, tutasoma daftari kwanza kabla ya kumkata dereva mshahara.

Wazee wetu walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Nami nimeujenga ukuta huo kwa fedha zenu, na kwa mshahara wa mtu asiye na kosa. Chama kitakapoanza miaka kumi mingine, sitaki mtu mwingine aujenge.