Karatasi ya Mlangoni
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi



Mnanijua: mimi ni karani wa mgodi, si avoka. Lakini karani anajua makaratasi. Mjane wa mwenzetu, anayedai haki ya marehemu mume wake, alirudishwa mara tatu kwenye dirisha la tribinali moja. Mara ya tatu sababu ilikuwa nakala: alileta mbili, wao walitaka nne. Je, walimsomea dekreti ya 7 Machi 1960 juu ya mashauri ya madai? Hapana. Walimwonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni, haina tarehe wala sahihi.

Je, tribinali ina ruhusa ya kujitungia kanuni? Mimi nasema inaihitaji. Siku za kusikiliza mashauri, saa ya kufungua biro, hesabu ya nakala: hayo yote hayawezi kuandikwa katika mji mkuu. Lakini ruhusa ina mpaka. Tutazame Marekani, maana huko wamebishana sana juu ya neno hili.

Huko kuna tribinali 94 za wilaya za serikali kuu. Kanuni kubwa ya mashauri ya madai ilianza 1938, na kifungu chake cha 83 kinaruhusu kila tribinali kuongeza kanuni zake, kama waamuzi walio wengi wamekubali. Zisipingane na sheria za Bunge wala na kanuni kubwa. Tangu 1985 ni lazima watu watangaziwe kwanza, wapate nafasi ya kusema.

Sasa sikieni habari ya Chicago. Watu wawili wa kazi katika chombo cha tajiri mmoja walikufa maji. Kanuni ya tribinali ya pale iliruhusu mashahidi wahojiwe kabla ya siku ya shauri. Tajiri akakataa. Tarehe 20 Juni 1960, siku kumi tu kabla ya uhuru wetu, Tribinali Kuu ikasema: kanuni hiyo haipatani na kanuni za bahari za nchi nzima, tribinali ya pale haina uwezo. Niliposoma hayo nilikasirika, wandugu. Tajiri ameshinda! Halafu nikafikiri: tribinali inayojiongezea uwezo leo ili kunisaidia, kesho itajiongezea ili kunifungia dirisha. Na mwaka 1966 mashauri ya bahari yaliingizwa ndani ya kanuni kubwa ya madai, ambayo inaruhusu kuhoji kule.

Tena tangu 1995 kifungu hicho cha 83 kinasema mtu asipoteze haki yake kwa kosa la umbo la karatasi asilolifanya kwa makusudi. Nakala mbili badala ya nne!

Sheria hiyo si yetu, haizifungi tribinali zetu. Lakini kuuliza hakuna aliyetukataza: karatasi hii imetoka kwa nani, tarehe gani, kwa kifungu gani?

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakwenda pamoja na mama huyo, tukichukua nakala nne, maana sitaki apoteze siku nyingine kwa ubishi wangu mimi. Akiisha kupokelewa, nitauliza maswali hayo matatu kwa maandishi. Aliyerudishwa kwa karatasi kama hiyo anione baada ya mkutano, na asisahau kuleta makaratasi yake.