Pima Kabla ya Kulaumu: Ulaji wa Dizeli Baada ya Programu ya Injini Kubadilishwa

(Mazungumzo na wamiliki wa magari na madereva, Lalago, Mkoa wa Simiyu)

 

Msimu wa pamba ukifika, gari la dizeli halipumziki. Hutokea likapelekwa kwa fundi, programu ya kompyuta ya injini ikabadilishwa. Wiki ifuatayo tajiri anaona dizeli inaisha mapema, na wa kwanza kushukiwa ni dereva. Mtu aweza kupoteza kazi kwa lita ambazo hakuziiba.

Programu hiyo huamua dizeli inyunyizwe lini na kwa kiasi gani, na moshi kiasi gani urudishwe ndani ya injini ili kupunguza gesi chafu. Ikibadilishwa, ulaji wa mafuta nao waweza kubadilika.

Mwezi Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari linapimwa. Wakati wa kipimo moshi ulisafishwa; barabarani usafishaji ulipunguzwa. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Barani Ulaya mengi yaliwekewa programu mpya. Kampuni ilisema ulaji haungebadilika. Baadhi ya wamiliki walilalamika kwamba umeongezeka. Aliyekuwa na kumbukumbu za ulaji wa awali alikuwa na hoja. Asiyekuwa nazo alibaki na manung'uniko.

Kwa hiyo, anzeni kupima kabla gari halijaguswa. Jazeni tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, kisha andikeni kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Baada ya safari, jazeni tena kwenye pampu ileile. Gaweni kilomita zilizotembewa kwa lita zilizoingia. Gari lililotembea kilomita 360 kwa lita 36 limekwenda kilomita 10 kwa lita. Baada ya programu mpya likitumia lita 40 kwa safari hiyohiyo, limeshuka hadi kilomita 9.

Safari moja haitoshi kutoa hukumu. Tope, mzigo mzito na matairi yenye upepo pungufu huongeza ulaji. Pimeni angalau mara tatu kabla na mara tatu baada, kwa njia ileile na mzigo unaokaribiana. Daftari likae mahali ambapo tajiri na dereva wote wanaliona.

Kwa fundi, dai maelezo ya maandishi ya kilichobadilishwa, pamoja na risiti. Anayenunua gari lililotumika ng'ambo aulize kama programu yake iliwahi kubadilishwa. Wala msimwombe fundi azime mfumo wa kusafisha moshi ili kuokoa dizeli; moshi huo unavutwa na watoto wetu wanaosimama kando ya barabara.

Mkitilia shaka kipimo cha pampu, nendeni Wakala wa Vipimo; mkitilia shaka ubora wa dizeli, nendeni EWURA; mkiona mmedanganywa katika ununuzi wa gari, nendeni Tume ya Ushindani. Popote mwendapo, chukueni daftari na risiti.

Na kabla tajiri hajamwita dereva mwizi, wakae pamoja, wafungue daftari, wapige hesabu.