Kumwandika Mtu kwa Heshima: Kiswahili na Watu Transjenda

Mtu transjenda ni yule ambaye jinsia anayoitambua nafsini mwake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mwanamke transjenda ni mwanamke aliyeandikwa mtoto wa kiume. Mwanamume transjenda ni mwanamume aliyeandikwa mtoto wa kike. Anayemtaja mtu huyo katika habari, hukumu, ripoti ya hospitali au kitabu cha shule ana wajibu wa kusema kweli na wajibu wa kulinda utu wake. Mambo haya mawili huenda pamoja, kwa sababu lugha inayomdharau mtu mara nyingi huwa imekosea pia kumweleza.

Jambo la kwanza ni kutenganisha mambo yanayochanganywa. Wataalamu huita maumbile ya mwili jinsi, na nafasi ya mtu kama mwanamke au mwanamume huiita jinsia, ingawa katika mazungumzo ya kila siku neno jinsia hubeba maana zote mbili. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyolingana kikamilifu na ya kike wala ya kiume. Kenya iliwahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, ikapata watu 1,524. Takwimu hiyo haiwahusu watu transjenda, na anayeitumia kuwaelezea anawapotosha wasomaji kuhusu makundi yote mawili. Vilevile, jinsia ya mtu haisemi anampenda nani. Kumwita mwanamke transjenda shoga au hanithi ni kumtukana, na ni kutoa habari isiyo sahihi.

Maneno ya kitabibu nayo yanahitaji uangalifu. Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Katika toleo hilo, hali ya jinsia ya mtu kutolingana na ile aliyoandikiwa iliondolewa kwenye sura ya matatizo ya akili na kuwekwa kwenye sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana. Kuandika leo kwamba mtu transjenda ni mgonjwa wa akili ni kwenda kinyume na mwongozo huo. Usemi uliozoeleka wa "aliyebadili jinsia" nao huwafanya wasomaji wadhani kwamba lazima kumekuwa na upasuaji. Wapo waliofanyiwa upasuaji, wapo wanaotumia homoni tu, na wapo wasiotumia tiba yoyote. Usemi huo unamfaa mtu anayeutumia mwenyewe kujieleza.

Sarufi ya Kiswahili inampunguzia mwandishi mzigo mmoja mkubwa. Agosti 2013 mwanajeshi wa Marekani Chelsea Manning alitangaza kuwa yeye ni mwanamke, siku moja baada ya kuhukumiwa kifungo cha miaka 35. Magazeti ya Kiingereza yalitofautiana kwa siku kadhaa kuhusu kiwakilishi cha kutumia, cha kike au cha kiume. Kwa Kiswahili "yeye alisema" humtosha kila mtu, na kusema "wakili wake" hakufichui jinsia ya mteja wala ya wakili.

Lakini dharau ina milango mingine ya kupitia. Mmoja ni ngeli. Mtu ana ngeli yake ya a- na wa-, na anayeandika "kiumbe hiki", "hicho kitu" au "jitu lile" amemtoa mtu kwenye ngeli hiyo ili amdogoshe au amtishe msomaji. Mwingine ni maneno ya wanyama. Dume na jike ni maneno ya zizini. Kichwa cha habari kama "Dume lajigeuza jike" kinakusanya makosa hayo yote katika maneno matatu. Kisha kuna vitenzi vya kutilia shaka: kujigeuza, kujifanya, kujidai. "Anayejiita Amina" humwambia msomaji kwamba jina hilo ni la uongo, na alama za kunukuu zikizungushwa kwenye jina hufanya kazi hiyohiyo. "Amina" peke yake linatosha.

Jina ndilo lenye uzito kuliko yote, na kesi ya Audrey Mbugua nchini Kenya inaonyesha kwa nini. Cheti chake cha mtihani wa kidato cha nne kilikuwa na jina la zamani na alama ya jinsia ya kiume, naye alikuwa amekwisha kubadili jina kisheria. Baraza la mitihani lilipokosa kumbadilishia cheti, alikwenda Mahakama Kuu. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru baraza hilo litoe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisicho na alama ya jinsia. Maksi za mwanafunzi hazitegemei alama hiyo. Alizipata kwa kufanya mtihani. Mwandishi anaweza kuisimulia kesi hii yote bila kulitaja jina la zamani, na msomaji asikose lolote la maana. Hata anapoeleza miaka ya shule, ataandika "Audrey alipokuwa shuleni", kwa kuwa aliyekuwa shuleni ni yeye huyohuyo.

Majina ya heshima na ya udugu hufuata jina. Mwanamke transjenda ni Bi, dada, shangazi au mama kama wanawake wengine; mwanamume transjenda ni Bwana, kaka au mjomba. Katika ndoa, Kiswahili husema mume ameoa na mke ameolewa, na kitenzi hufuata jinsia ya mhusika. Mwandishi asipokuwa na hakika, atamuuliza mhusika; asipompata, jina, cheo na kazi vitatosha.

Kiswahili kimekwisha kufanya marekebisho ya namna hii. Zeruzeru limepisha "mtu mwenye ualbino", na "mwathirika wa UKIMWI" limepisha "mtu anayeishi na VVU". Katika kila badiliko, wahusika ndio waliotangulia kusema neno lipi linawaumiza, na neno lililokubaliwa likaanza na "mtu".

Heshima inahusu pia yale yasiyoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huhesabu afya na jinsi ya mtu kuwa data nyeti. Maswali ya upasuaji, picha za utotoni na jina la mtaa anakoishi havina nafasi katika habari isiyovihitaji. Kumfichua mtu kunaweza kumkosesha kazi, nyumba au usalama wa mwili, kwa hiyo ridhaa yake hutangulia, na ridhaa ya kuhojiwa si ridhaa ya kuchapishwa kila kitu.

Palipo na nukuu ya matusi, kwa mfano maneno ya shahidi au mbunge, mwandishi huinukuu pale tu tusi lenyewe linapokuwa ndiyo habari, humtaja aliyelitamka, na katika maelezo yake mwenyewe hurudia jina na jinsia sahihi za mhusika. Nyaraka za zamani hunukuliwa kwa kanuni hiyohiyo.