Gari la mzee ni la nani? Mazungumzo kuhusu usajili wa magari ya zamani



Siku ya soko Karatina, Othaya au Nyeri mjini, halikosi kuonekana Land Rover la zamani likipakia viazi, au Peugeot 504 iliyong'arishwa ikielekea harusini. Pleti yake ina herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho. Gari hilo lilisajiliwa kabla ya mfululizo wa KAA.

Magari haya yana historia. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Kahawa ilipopanda bei mwaka 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil, kuna familia zilizonunua gari lao la kwanza. Leo magari yaliyotunzwa vyema yana thamani yake. Mashindano ya Concours d'Elegance jijini Nairobi yameyatuza tangu 1970.

Lakini ukimuuliza anayeliendesha jina lililo kwenye logbuku, mara nyingi atasema, "Ni la baba, na baba alishaaga."

Hapo ndipo taabu huanzia. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura 403, mwenye jina kwenye rekodi huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gari likigonga mtu, likiibwa, au mnunuzi akija na pesa taslimu, swali la kwanza ni hilo la jina. Ndugu waliokuwa wakila meza moja huishia kukutana mahakamani.

Ieleweke kwamba serikali ya kaunti haisajili magari. Hiyo ni kazi ya NTSA, na huduma zake hupatikana kupitia eCitizen. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma.

Mwenye gari la zamani aanze kwa kutafuta rekodi yake kwenye mtandao wa NTSA. Kwa ada ndogo atajua jina lililosajiliwa, nambari ya chasisi na nambari ya injini. Kisha afungue boneti na alinganishe. Magari mengi ya zamani yamebadilishwa injini, pengine zaidi ya mara moja, bila mtu kuarifu. Mabadiliko hayo, pamoja na ya rangi, lazima yaandikishwe. Risiti ya fundi au ya duka lililouza injini itunzwe.

Ikiwa mzee yu hai, kazi ni nyepesi. Yeye na anayepokea gari wawe na akaunti ya eCitizen na PIN ya KRA. Mwenye gari huanzisha uhamisho, anayepokea hukubali, na ada hulipwa. Sheria inampa mwenye gari siku 7 kuarifu, na gari lisiendeshwe barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuhamishwa kabla mmiliki mpya hajasajiliwa.

Ikiwa mzee ameaga, gari ni sehemu ya urithi kama shamba na ng'ombe. Familia hupata barua ya chifu inayotaja warithi, kisha huwasilisha ombi mahakamani. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla ya mahakama kuthibitisha mgao. Hapo ndipo gari huhamishiwa mrithi. Kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa la jinai, hata kama anayeuza ni kifungua mimba.

Logbuku ikipotea, hatua ya kwanza ni kuripoti kituo cha polisi na kupata taarifa ya maandishi, kisha kuomba nakala nyingine kutoka NTSA.

Wakazi wajihadhari na mabroka wanaoahidi kuchukua logbuku ya gari lililokufa na kulivisha gari jingine pleti zake. Anayekubali hupoteza pesa, gari na uhuru wake.

Mwisho, usajili hauondoi wajibu wa usalama. Gari la mwaka 1970 hupanda na kushuka barabara zile zile za Mukurwe-ini pamoja na watoto wa shule. Breki, taa na magurudumu yakaguliwe, na bima iwe hai.

Mzee akiwa bado anaota jua uani, mwende mketi naye wiki hii. Mwombeni atoe ile bahasha iliyo chini ya godoro. Asome jina lililo ndani, naye mwenyewe aseme, mbele ya watoto wake wote, gari litabaki na nani. Kisha jina hilo liandikishwe.