BAKSHISHI SI MSHAHARA

Maneno ya Katibu katika mkutano wa wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.



Swali moja limeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu: tajiri akitoa bakshishi, au bonasi kama wengine wasemavyo, badala ya nyongeza ya mshahara, je, tuipokee? Leo nitajibu kwa habari za watu ambao hatukuzoea kuwahesabu pamoja nasi, nao ni marubani wa kampuni ndogo za ndege huko Marekani. Najua mtu atasema, rubani ana kofia yenye uzi wa dhahabu, yeye ana shida gani? Lakini wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwanza tujue kazi yenyewe ilivyo. Kampuni kubwa kama Delta, United na American huajiri kampuni ndogo kupeleka abiria katika miji midogo. Eropleni hupakwa rangi za kampuni kubwa, na tikiti huuzwa kwa jina la kampuni kubwa, lakini rubani ni mtu wa kampuni ndogo na hulipwa na kampuni ndogo. Mara nyingi mafuta ya ndege hulipiwa na kampuni kubwa. Basi kampuni ndogo ikitaka kupata kazi kwa bei ya chini, itapunguza nini? Itapunguza ujira wa mtu. Sisi tunaojua kazi za makontrakta hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Tena rubani hulipwa kwa saa, na kwa kawaida saa hizo huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa. Kukagua ndege, kungoja mvua ipite, kukaa uwanjani kati ya safari na safari, hayo hayahesabiwi kama saa za kuruka. Ni kama mchuma chai anayelipwa kwa kilo: muda wa kungoja mizani hauna kilo.

Kwa nini walivumilia? Kwa sababu waliahidiwa kesho. Kijana alikopa fedha za mafunzo, ambazo zaweza kufika dola 100,000, akaambiwa avumilie miaka michache, kisha ataitwa na kampuni kubwa. Na akihamia kampuni nyingine, hata akiwa kepteni wa miaka 20, huanza chini kabisa katika orodha ya wakongwe. Kwa hivyo watu waliogopa kuondoka, na tajiri alijua kuwa wanaogopa.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema kepteni aliushika usukani vibaya ndege ilipopungua mwendo, na tusiseme zaidi ya walivyosema. Lakini walisema pia kuwa yaelekea uchovu uliwapunguzia marubani wale uwezo wao. Msaidizi wa kepteni alikuwa mwanamke kijana wa miaka 24. Alisafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini. Katika uchunguzi kampuni ilitaja mshahara wa kama dola 16,000 kwa mwaka, kisha ikasahihisha ikasema karibu 24,000. Baada ya msiba huo, sheria ya mwaka 2010 ikaleta kanuni mpya za mapumziko, na tangu 2013 msaidizi naye alitakiwa kwa kawaida awe amekwisha ruka saa 1,500. Ndugu zangu, kanuni nyingi za usalama kazini zimeandikwa baada ya mazishi.

Je, hawakupigana? Walipigana. Marubani wa Comair waligoma siku 89 mwaka 2001, wakapata nyongeza. Lakini kampuni nyingine ndogo ziliendelea kuruka kwa ujira wa chini, na Delta, iliyokuwa mwenye mali, ikaifunga Comair Septemba 2012 ikisema gharama zake ni kubwa mno. Mgomo ule haukuwa makosa. Shida ni kwamba jirani zao walikuwa bado wanauza jasho kwa bei rahisi.

Kisha mambo yakageuka. Wazee walistaafu, kwa maana sheria ya huko inawazuia kurusha ndege za abiria wakipita miaka 65. Mwaka 2020, wakati wa korona, kampuni kubwa ziliwapa wengi malipo ili wastaafu mapema. Abiria waliporudi, marubani hawakutosha. Ghafula matajiri waliosema kwamba fedha hakuna, wakaziona. Juni 2022 kampuni tatu ndogo za American zilitangaza kuwa msaidizi mpya atapata dola 90 kwa saa, na kepteni mpya 146. Kwa saa 75 kwa mwezi, hizo 90 ni dola 81,000 kwa mwaka.

Lakini someni maandishi madogo. Theluthi moja ya fedha hizo ilitangazwa kuwa nyongeza ya muda tu, hadi mwisho wa Agosti 2024. Na bakshishi za kuingia kazini, zilizotolewa na kampuni nyingi, zilikuwa na kamba: ukiondoka kabla ya muda uliopatanwa, urudishe. Tena mara nyingi zilipewa wageni, na mkongwe aliyevumilia miaka ya njaa akatazama tu.

Kwa hivyo, majibu yangu ni haya:

1. Bakshishi tusiikatae, lakini tusiiuzie nyongeza ya mshahara. Bakshishi hutoka wakati tajiri ana haja nawe, na haja ikiisha nayo huisha. Mshahara ulioandikwa katika mapatano hawezi kuupunguza peke yake. Tena mara nyingi overtaimu na malipo ya uzeeni huhesabiwa kwa mshahara. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, neno moja kubwa lilikuwa mchango wa tajiri katika mfuko wa uzeeni.

2. Kabla ya kutia sahihi, tuulize: ni ya muda gani, na nikiondoka nitadaiwa nini?

3. Muda wa kungoja uwe na bei yake.

4. Walio chini ya makontrakta waingie chamani. Wakibaki nje, siku moja ujira wao utakuwa ndio wetu.

Wajumbe wetu wataingia katika mazungumzo hivi karibuni. Msiwaache waingie na maneno matupu. Kila idara iandike saa zake za kungoja na kila bakshishi iliyopata, ilete karatasi hiyo kwa mjumbe wake.

Umoja ni nguvu.